Barabara ya Kusini haipimwi kwa kilomita

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu mbele ya walimu na watumishi wa serikali waliopangiwa kazi katika mikoa ya Lindi na Mtwara.)



Nimeombwa nizungumze juu ya barabara iliyowaleta hapa. Wengi wenu mlipanda basi Dar es Salaam kabla ya mapambazuko, na jioni ile ile mkashuka Lindi au Mtwara, mmechoka kwa kukaa, lakini viatu vyenu vikiwa vikavu na barua zenu za uhamisho zikiwa safi mifukoni. Mtu wa rika langu akilitazama jambo hilo hulistaajabia. Wakati wetu mtumishi aliyepangiwa kazi Kusini alipewa pole na wenzake kana kwamba amefiwa. Wako waliokimbilia kwa wakubwa na sababu za kutokwenda: mama mgonjwa, mke mjamzito, homa isiyo na jina. Haikuwa kwamba watu wa Kusini walikuwa wabaya. Sikumsikia hata mmoja aliyerudi akasema hivyo. Kilichoogopwa kilikuwa njia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560. Hesabu hiyo haikubadilika sana tangu nilipoijua, na haikupata kunifaa kitu. Swali la msafiri wa zamani halikuwa kilomita ngapi, bali siku ngapi. Na jibu lake lilitegemea mwezi. Katika kiangazi mtu aliweza kusema siku 2 au 3. Katika masika aliyekuwa na busara hakutaja idadi yoyote.

Naomba kwanza tuifuate njia yenyewe, maana wengi hupita wamelala. Ukitoka mjini unapita Mbagala, Vikindu na Mkuranga, katika nchi ya minazi na mikorosho, mchanga mwekundu na mweupe, vilima vidogo vidogo. Unafika Kibiti, kisha Ikwiriri, na hapo nchi inashuka ghafula kwenye bonde la Rufiji. Baada ya daraja unakuta bonde la Muhoro, halafu Somanga karibu na bahari, halafu mto Matandu na Nangurukuru, ambako njia ya kwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko inakata kushoto. Kutoka hapo barabara inajitenga na pwani, inavuka Mavuji, inapita Kiranjeranje, inavuka Mbwemkuru, inarudi tena baharini Mchinga na kuingia Lindi. Mbele ya Lindi iko Mingoyo, yenye njia panda ya Mnazi Mmoja: mkono mmoja waenda Mtwara, mwingine wapanda Ndanda na Masasi. Mtaona kwamba nimetaja mito mingi kuliko miji. Hiyo ndiyo sura ya barabara hii. Yapita kaskazini kwenda kusini, na maji yote ya nchi yapita magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo kila mto na kila kijito kinachotafuta bahari hakina budi kukutana nayo.

Wazee wetu waliliona jambo hilo mapema, wakaamua kutohangaika nalo. Kwa mamia ya miaka barabara ya kaskazini na kusini katika pwani hii ilikuwa bahari yenyewe. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Kilwa Kisiwani, aliyoitembelea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilitajirika bila ya kuwa na hata hatua moja ya barabara ya kwenda kaskazini. Njia za nchi kavu zilikuwa zile za kutoka bara kuja baharini, hasa ile ndefu iliyotoka ziwa Nyasa, ambayo misafara ya Wayao na wengine iliifuata hadi Kilwa Kivinje na pembe na tumbaku, na katika karne ya 18 na ya 19 na watumwa pia.

Hapa naomba mnivumilie, maana nitasema jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Wafanya biashara wa Kilwa hawakuacha biashara yao. Waliwatoa watu majahazini wakawatembeza kwa miguu kwenda kaskazini, wakifuata mwambao, wakivuka Rufiji, wakipita Dar es Salaam hadi Pangani na mbele yake. Mwishoni mwa mwaka ule ule na mwanzoni mwa 1874, afisa mmoja wa Kiingereza, Frederic Elton, alitembea njia hiyo kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, na alikutana uso kwa uso na misafara hiyo ikija upande wake. Mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku misafara ya nchi kavu nayo. Basi wakati ule mfupi, watu waliotembea kwa wingi kutoka Kilwa kwenda kaskazini walikuwa watu waliofungwa minyororo. Nawaomba walimu wa historia msiwafiche watoto jambo hilo, na msilitaje Bagamoyo peke yake kana kwamba huku hakukupita kitu.

Wajerumani walipokuja walikuta njia za miguu, wakataka barabara. Walizipata kwa nguvu. Kodi, kazi ya lazima ya barabara na mashamba ya pamba ya jumbe na akida: hayo ndiyo yaliyowachosha watu wa Umatumbi na Rufiji. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa Muhoro mwezi wa Agosti mwaka huo. Ni Muhoro hii hii ambayo basi lenu limepita jirani yake. Vita vile na njaa iliyofuata viliua watu kwa makumi ya maelfu. Wako wanahistoria wanaotaja hesabu ya 250,000 na zaidi. Vijiji vizima vikarudi kuwa pori. Anayeuliza kwa nini nchi kati ya Rufiji na Lindi ina watu wachache hivi hana budi kuanza na jibu hilo.

Mwingereza naye aliijengea Kusini njia, lakini hakuielekeza kwetu. Mwaka 1947 ulianza ule mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya makao yake. Ikajengwa reli, ikajengwa bandari ya maji mengi Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954. Kufikia wakati huo karanga zenyewe zilikwisha kushindikana. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeufuta mpango mwaka 1951, na hasara yake ilitajwa kuwa pauni milioni 36. Reli ikabaki bila mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Angalieni mwelekeo wa kazi zile: kutoka shambani kwenda melini. Njia ya mtu wa Masasi kwenda kumwona ndugu yake Dar es Salaam haikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Na sisi je, baada ya Uhuru? Yafaa tuseme kweli. Mwaka 1965 Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Zambia ilizibwa pumzi, na nchi yetu iliamua kuweka nguvu zake katika njia ya kwenda Tunduma: lami, bomba la mafuta, na reli ya Uhuru iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na sina neno nao. Lakini kila uamuzi una anayengoja, na aliyengoja ni Kusini. Tena alingoja huku akibeba mzigo wa vita vya jirani, maana tangu 1964 hadi 1974 wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa Nachingwea na mipakani, na mabomu ya Mreno yalitegwa katika njia za wanavijiji wetu wa Ruvuma. Mwananchi wa Newala alichangia ukombozi wa Afrika kwa mguu wake, kisha akaambiwa barabara itakuja.

Sasa nitawaeleza habari yangu mwenyewe, si kwa sababu ni kubwa, bali kwa sababu niliiona.

Azimio la Musoma la 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikapo Novemba 1977. Watoto wakaja. Katika shule moja wilayani Masasi, nilikokuwa mwalimu kijana, darasa lililojengwa kwa watoto 40 lilipokea zaidi ya 90, na madaftari yakawa hayatoshi hata kwa kugawana. Mwezi wa Aprili 1978 nilitumwa Dar es Salaam kuyafuata. Nikayapata, yakapakiwa katika lori la mizigo, nami nikakaa mbele pamoja na dereva, mzee mwenye maneno machache. Tulifika kivukoni Ndundu siku ya tatu, tukakuta pantoni imefungwa kwa minyororo na maji yamepita mahali pa kushukia.

Kulikuwa na magari mengine yaliyotutangulia. Tukangoja. Siku ya pili yake jua lilikuwa kali, hakuna wingu, na bado maji yalikuwa yakipanda. Nilimwuliza mtu wa pantoni sababu, akacheka, akasema, "Mwalimu, mvua hii haikunyesha hapa." Baadaye nilikuja kufundisha somo hilo kwa ramani, lakini nililijulia pale. Maji yanayopita Ikwiriri hukusanywa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu unaleta ya Mbeya na Iringa, Kilombero unaleta ya milima ya Udzungwa na Njombe, Luwegu unaleta ya Ruvuma. Mvua ikinyesha Uporoto, mkulima wa Rufiji ataiona baada ya siku nyingi ikija mlangoni kwake bila ngurumo. Mafuriko ya namna hiyo ndiyo yaliyosababisha Operesheni Rufiji mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wananchi wengi wa bondeni walipohamishiwa kwenye ardhi ya juu upande wa kaskazini, Ikwiriri ikiwa mojawapo. Na ndiyo sababu bonde lile lina rutuba. Mto unaokula mahindi ya mtu ndio uliomletea udongo wa kuyaotesha.

Siku ya nne ya kungoja kwetu, mtumbwi ulitoka ng'ambo ukiwa na wanaume watatu na kitanda cha kamba. Juu ya kitanda alilala mwanamke kijana kutoka upande wa Kilwa, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku mbili, naye alikuwa akipelekwa Dar es Salaam. Walikuwa wamembeba kutoka mahali gari lao lilipozama. Tulisaidia kumtoa. Upande wetu kulikuwa na magari mengi, lakini yote yalikuwa yakielekea kusini yakiwa na mizigo, na kila mwenye gari alikuwa na sababu yake nzuri. Dereva wangu alizunguka lori mara moja, akatazama magurudumu, akaniambia tushushe makasha ili gari liwe jepesi lisizame matopeni. Nikamwuliza madaftari tutayafanya nini, maana nilikuwa nimeyatilia sahihi. Akanijibu, "Mwalimu, madaftari hayafi."

Tukayashusha, tukayafunika kwa turubali, na lori likarudi lilikotoka na kile kitanda. Mimi nilibaki kando ya mto nikilinda makasha kwa siku 11. Wavuvi walinipa samaki na ugali, hawakutaka malipo. Dereva aliporudi maji yalikuwa yamepungua na pantoni ilikuwa inafanya kazi. Hakuniambia neno juu ya mwanamke yule, wala mimi sikumwuliza. Tulifika Masasi siku ya 21 tangu tuondoke Dar es Salaam. Makasha 2 yalikuwa yameloa, nikaandika taarifa.

Ndugu Mwenyekiti, watu waliokuwa na haraka na uwezo walijifunza kuizunguka nchi. Kutoka Dar es Salaam walikwenda Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, Songea, kisha Tunduru na Masasi. Fikirini mtu wa Lindi anayekwenda kwanza Nyanda za Juu ili afike nyumbani kwake pwani! Waliobaki walitegemea meli za mwambao zilipokuwapo, au ndege kwa wachache. Bei za vitu zilifuata njia. Mfuko wa saruji, kopo la dawa, gazeti hili hili, kila kimoja kilipofika Newala kilikuwa kimelipa ushuru kwa matope. Na korosho, zao ambalo mikoa hii ndiyo inayoongoza kulilima, ilipata bei ya mahali pasipofikika.

Tarehe 2 Agosti 2003 daraja la Rufiji lilifunguliwa. Lina urefu wa mita 970, na kwa miaka mingi hakukuwa na refu kuliko hilo nchini. Sasa limepitwa na lile la Kigongo na Busisi, lenye kilomita 3, lililofunguliwa mwaka 2025. Fedha zilitoka serikalini na katika mikopo ya mifuko ya nchi zenye mafuta, Kuwait ikiwa mojawapo. Likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye alikuwa madarakani. Wako waliosema kwamba Kusini ilipata daraja kwa sababu ilipata Rais. Sikubaliani nao wala siwapingi sana. Ninachojua ni kwamba mtu aliyekulia huku hakuhitaji kuandikiwa ripoti ili aelewe maana ya mto ule.

Lakini daraja si barabara. Baada ya sherehe, kulibaki kipande kutoka Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu. Kipande hicho kinapita katika udongo mweusi wa bondeni, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, na ambao haubebi lami mpaka uondolewe au ufunikwe kwa tuta nene la udongo mwingine. Kilichukua karibu miaka 10 baada ya daraja. Katika miaka hiyo mabasi yaliruka mto kwa dakika chache, kisha yakalala usiku kucha katika kilomita 60 zilizobaki. Nilisafiri humo mara nyingi. Abiria walishuka, wakasukuma, wakapanda, wakashuka tena. Na kila mara alikuwapo mtu wa kuuliza daraja zuri vile lilijengwa kwenda wapi. Wakati huo huo gesi ya Songo Songo ilikuwa ikienda Ubungo kwa bomba tangu 2004, na mwaka 2015 bomba kubwa la kutoka Mtwara nalo likafika Dar es Salaam. Ghasia za Mtwara za mwaka 2013 zilikuwa na mambo mengi ndani yake, na uharibifu uliotokea hauna utetezi. Hata hivyo, mtumishi anayetaka kuzielewa akumbuke kwamba mtu wa huku aliona gesi yake ikisafiri kwa raha kuliko yeye.

Mengine yalifuata kwa kasi zaidi. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lenye mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010 kuunganisha nchi yetu na Msumbiji, na baadaye lami ikaunganisha Masasi na Tunduru hadi Songea. Leo mtu aweza kulizunguka pembe lote la kusini bila kukanyaga vumbi. Hapo ndipo wengi wetu tulipokunja mikono tukasema kazi imekwisha.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani yetu, baada ya miezi ya mvua kubwa zilizokwisha kulijaza bonde la Rufiji na kuizamisha Muhoro. Barabara ya Kusini ilikatika, na kwa siku kadhaa magari yalisimama pande zote mbili kama zamani. Watumishi wenzangu, naomba mlitafakari jambo hili: ilikatikia wapi? Haikukatikia Rufiji. Daraja kubwa lilisimama. Ilikatikia wilayani Kilwa, Somanga na mahali pengine jirani, kwenye vijito na makalavati ambayo nusu ya mwaka hayana maji ya kulowesha kanyagio. Mto tuliouogopa kwa miaka 100 tuliujengea daraja la kuuheshimu. Vijito tusivyovijua majina tulivipimia bomba, tukaenda zetu.

Mtu asije akaniambia kwamba bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, limekwisha kututatulia tatizo la maji. Bwawa lile liko juu ya Rufiji na lina kazi yake kubwa. Vijito vya Kilwa havipiti huko. Vinashuka kutoka vilima vya Umatumbi moja kwa moja, safari fupi na ya hasira, na kadiri msitu wa vilimani unavyokatwa kwa mkaa na mashamba, maji hufika upesi zaidi yakiwa yamebeba magogo na mchanga. Kalavati lililozibwa kwa magogo huwa ni ukuta. Maji yakikuta ukuta hupanda juu ya lami, yakishuka upande wa pili huanza kuchimba tuta kutoka chini, na lami hubaki ikining'inia juu ya shimo. Dereva wa usiku haoni kitu mpaka awe juu yake.

Adui wa pili ni sisi wenyewe na mizigo yetu. Wahandisi walikwisha kupima jambo hili tangu miaka ya 1950 na 1960: ekseli ikibeba uzito mara mbili, haiharibu barabara mara mbili, bali huiharibu mara zipatazo 16. Kwa hiyo lori moja lililozidishiwa magunia, likapitishwa mizani kwa kupeana mikono, linakula barabara kuliko msafara wa magari madogo ya wiki nzima. Afisa aliyeupokea mkono ule hakuiba pesa za mwenye lori. Ameiba miaka ya barabara, na walioibiwa wako Liwale, hawamjui.

Tuna Mfuko wa Barabara uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, unaochangiwa na kila anayenunua mafuta, na tuna Wakala wa Barabara tangu mwaka 2000. Vyombo hivyo tunavihitaji, nami nimeona kazi yao. Lakini ofisi ya mjini haiwezi kujua kwamba kalavati la karibu na mbuyu ulioanguka limeziba tangu Oktoba. Anayejua ni mwanakijiji, na anayeweza kuandika ni mtumishi aliyeko jirani. Kati ya kujua na kuandika ndipo barabara inapokatikia.

Kwa hiyo nina ombi, na nimelifikiria kwa siku nyingi. Kila shule iliyo kando ya barabara hii, kutoka Ikwiriri hadi Mnazi Mmoja, ichague kalavati lake la jirani. Wanafunzi wa darasa la 6, wakiwa na mwalimu wao, walichore, walipime upana na kimo, walipe jina la kijito chake, maana vijito hivyo vina majina na wazee wanayajua. Kila baada ya mvua kubwa, maji yakishapungua na hatari ikiwa imepita, wakaangalie alama ya tope ukutani waandike maji yalifika wapi, tarehe gani, na kama kuna gogo au mchanga ndani. Mwezi wa Januari, kabla ya masika, mwalimu mkuu apeleke nakala kwa mtendaji wa kata na kwa ofisi ya mhandisi wa mkoa, abaki na nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa. Somo la jiografia litakuwa limefundishwa, na la hesabu pia. Baada ya miaka 10 mhandisi atakayetaka kujua kijito kinahitaji bomba au daraja hatakuwa na sababu ya kukisia.

Nimekuja na makasha 2 ya madaftari kwa kazi hiyo. Yako kwa Ndugu Katibu, pale mlangoni, na kila shule ichukue moja kwa kutia sahihi.